Miaka Sita Kaka Alinyamaza

Siku msumeno ulipomla Mama Randa ncha ya kidole, hakulia. Alitukana. Aliutukana msumeno, akautukana ubao, akamtukana na aliyegundua umeme, huku kidole amekibana ndani ya aproni na damu inamchuruzika hadi kiwikoni.

Miaka ishirini na miwili alikuwa akipasua mbao katika karakana ile, na vidole vyake kumi ndivyo vilikuwa cheti chake. Maseremala wenzake mtaani walikuwa na tisa, wengine vinane na nusu. Mteja akimtilia shaka kwa kuwa ni mwanamke, alimnyanyulia mikono yote miwili usoni. "Hesabu," alikuwa akisema. "Kisha nenda kahesabu vya huyo unayemsifia."

Sasa vilikuwa tisa na robo tatu. Na kilichomkera si maumivu, bali ni kwamba hakukiona kidole kikiukaribia msumeno. Mkono wa kushoto ulikuwa unasukuma ubao kama kawaida, kisha msumeno ukalia sauti nyingine. Basi.

"Nilikuambia miwani hiyo haikufai," alisema fundi mwenzake, mzee mmoja waliyemwita Gundi kwa sababu akikaa mahali habanduki. "Wiki iliyopita umenipiga fremu ya mlango kichwani. Juzi ukaupiga teke mkebe wa rangi. Nikadhani una hasira na mimi."

"Nyamaza, unifunge hiki kitambaa."

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Tabibu aliyemshona alikuwa kijana mpole, mwenye mazungumzo mengi ya kumsahaulisha mgonjwa sindano. Alipofika uzi wa tatu, Mama Randa alijisogeza kitini, kiwiko kikakumba sinia la pamba na mikasi, vyote vikatawanyika sakafuni.

"Samahani. Umeliweka lini hapo?"

"Tangu tulipoanza, mama. Liko mbele yako."

Tabibu hakuokota kitu. Alimaliza kushona, akavua glavu, akavuta kiti na kukaa wakitazamana. "Ziba jicho la kulia kwa kiganja. Nitazame puani, usiangalie pengine. Ukiuona mkono wangu upande huu, useme."

Mama Randa akaziba, akatazama, akangoja. Pua ya tabibu ilikuwa na kovu dogo la tetekuwanga. Akaendelea kungoja.

"Anza basi," akasema.

"Nimeanza zamani, mama," tabibu akajibu taratibu. Alipogeuza kichwa, Mama Randa aliukuta mkono wa kijana yule unapunga shubiri moja kutoka sikioni mwake.

*

Daktari wa macho katika hospitali kubwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu. Alimtia matone ya ganzi, akamwambia aweke kidevu kwenye mashine, taa ya buluu ikamsogelea hadi ikagusa jicho. Hiyo ilikuwa ya kupima presha. Akamulika ndani, akatazama nyuma ya jicho kwa muda mrefu. Kisha wakampeleka chumba chenye giza, wakamkalisha mbele ya bakuli jeupe kubwa na kumpa kitufe. Kila akiona nukta ya mwanga, abonyeze. Akabonyeza, akabonyeza tena. Kikafuata kimya kirefu mpaka akadhani mashine imezimika, akataka kumwita muuguzi.

Mashine haikuwa imezimika.

Daktari alimwekea karatasi mbili mezani. Ya jicho la kulia ilikuwa nyeupe, yenye madoa upande mmoja. Ya jicho la kushoto ilikuwa nyeusi karibu yote, isipokuwa kitobo katikati.

"Una glakoma. Wengi huiita presha ya macho. Penye weusi ndipo usipoona."

"Mimi sioni weusi wowote."

"Huwezi kuuona. Ubongo unaziba pengo. Wewe fundi, ubao ukiwa na shimo unafanyaje?"

"Nachanganya unga wa mbao na gundi, naziba, napiga msasa, napaka rangi."

"Na mteja?"

Mama Randa akaitazama tena ile karatasi nyeusi. Alijua vizuri kwamba mteja haoni kitu.

Daktari akamweleza. Jicho lina maji yake ya ndani, siyo machozi. Yanatengenezwa kila saa na yanatakiwa kutoka kila saa kupitia kichujio kidogo pembeni. Kichujio kikizembea, maji yanabaki, presha inapanda, na inaubana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa unakufa uzi mmoja mmoja, kuanzia pembeni. Hauumi, hauwashi, jicho haliwi jekundu.

"Na uliokufa?"

"Umekufa. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuurudisha. Kazi yetu ni kulinda uliobaki."

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Alisimama, kiti kikaanguka. "Nimepimwa mimi! Miwani mitatu katika miaka mitano! Kila mwaka naambiwa macho yako mazuri, ni umri tu, nakupa kioo chenye nguvu kidogo! Nimesoma herufi zote ukutani mpaka zile za sisimizi!"

"Utazisoma mpaka siku ya mwisho," daktari akasema bila kupandisha sauti. "Katikati ndipo panapokufa mwisho. Yule alikupima kusoma. Hakukupima presha, wala hakuangalia nyuma ya jicho. Keti, mama."

Akaketi.

"Kuna mtu kwenu aliyepofuka?"

Kulikuwa na baba. Baba yake alimaliza miaka tisa ya mwisho akishika kamba ambayo mama aliifunga kutoka mlangoni hadi chooni. Wengine walisema ni uzee, wengine mtoto wa jicho, na jirani mmoja alisema ni watu wabaya. Hakuna aliyempeleka popote.

"Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, unatolewa na mtu anaona tena," daktari alisema. "Baba yako huenda alikuwa na hii hii. Inatembea katika damu. Una ndugu?"

"Kaka mkubwa, na mdogo wetu wa kike."

"Wote wapimwe. Mwezi huu, siyo mwakani. Wewe utatia tone moja kila jicho, kila jioni, maisha yako yote. Hili la kushoto tutalifanyia upasuaji wa kulitengenezea maji njia ya kutokea. Chupa ambazo hujafungua ziweke kwenye friji."

*

Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia bila kumtisha, kwa sababu kaka yake alikuwa mtu wa wasiwasi. Alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi wa kiwanda, lenye viti arobaini na vinne, na watu walimwita Taratibu kwa jinsi alivyoendesha. Miaka ya karibuni alikuwa ametaratibika zaidi, abiria wakamsifu kwamba kadiri anavyozeeka ndivyo anavyozidi kuwa makini.

Wifi yake alimpokea kwa vigelegele, alipokiona kidole akavigeuza kuwa kilio. "Maskini wifi yangu! Keti nikupe maji ya baridi."

"Nisaidie pia kuniwekea hizi dawa zisipate joto."

"Lete."

"Acha, una unga mikononi. Nitaweka mwenyewe."

Akafungua friji. Katika mlango wake, nyuma ya chupa ya siki na nusu ya limau, kulikuwa na kichupa kidogo chenye kifuniko cha rangi ya maji ya bahari. Alikitoa, akakilinganisha na cha kwake. Maandishi yalikuwa yale yale, hata kifuniko.

"Wifi. Hii ni ya nani?"

Wifi alitazama kichupa, akatazama mlango wa nje, akaanza kupangusa unga mikononi.

"Ya kaka yako."

"Tangu lini?"

"Wifi, mimi aliniambia nisi—"

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto wetu wa pili alipoanza shule."

Mama Randa alihesabu. Miaka sita. Alikiweka kichupa mezani, akakaa mbele yake akikitazama kama mtu anayelinda mwizi aliyekamatwa. Maji aliyopewa hakuyanywa. Wifi alizungumza hili na lile, kisha akaishiwa.

Taratibu aliingia saa kumi na moja na nusu akivua kofia. "Ooh, Fundi! Leo ume..." Akakiona kichupa. Akaitundika kofia kwenye msumari kwa uangalifu mkubwa.

"Nilitaka kukuambia," akasema.

"Lini?"

"Dada, usianze kwa ukali."

"Nakuuliza lini. Mwaka wa kwanza? Wa tatu? Au ulikuwa unangoja nifungiwe kamba kama baba?"

"Nilidhani ni mimi tu."

"Daktari hakukuambia ndugu zako wapimwe?"

Akatazama sakafu.

"Nitazame! Alikuambia au hakukuambia?"

"Aliniambia."

Wifi alijifunika uso. Kidole cha Mama Randa kilichoshonwa kikaanza kupwita kama kina moyo wake. Aliunyanyua mkono ule.

"Uone huu. Uone vizuri. Hii nyama iliyokosekana ni yako. Hili jicho ni lako. Ungesema miaka sita iliyopita, ningekuwa na macho mawili!"

"Na mimi ningekuwa sina kazi!" Taratibu naye akapaza sauti. "Ningekuambia wewe, ungemwambia mdogo wetu Kitinda, Kitinda angeisambaza habari mji mzima, na kiwandani wangenishusha siku hiyo hiyo. Ningelisha watoto nini? Usifikiri nililala usingizi. Na dawa natia."

"Unatia kila siku?"

"Natia... nikikumbuka. Zinachoma. Na hazijaniletea nafuu yoyote."

"Hazileti nafuu! Zinazuia! Umeambiwa mara ngapi?" Alivuta kiti akakiweka mbele ya kaka yake. "Keti."

"Ya nini?"

"Keti, kaka. Au nimwambie wifi akushike."

Taratibu akaketi. Mama Randa akamfanyia vile alivyofanyiwa na tabibu: ziba jicho, tazama pua yangu, sema ukiuona mkono. Akaanzia mbali, usawa wa bega. Akausogeza. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake na aliona yote. Mkono ulipita sikio, ukapita ukingo wa jicho, ukakaribia shavu. Ndipo Taratibu akasema, "Huo." Wakabadilisha jicho. Likawa baya zaidi.

"Mume wangu," wifi akasema kwa sauti ndogo. "Na unaendesha basi?"

"Naijua njia ile kama kiganja changu. Sijawahi kukanyaga hata kuku."

"Kuku huwaoni, utajuaje?" Mama Randa akasema, na hakuna aliyecheka. "Sikia. Ijumaa nenda kamwambie mwenyewe msimamizi wa magari. Usipokwenda, nitakwenda mimi."

"Utanivunjia nyumba yangu."

"Nyumba yako itavunjwa na kesi ya mtu utakayemuua."

"Mficha maradhi," wifi akaanza, na Taratibu akapiga meza: "Usiniletee methali ndani ya nyumba yangu!"

*

Ijumaa ilipita. Jumatatu asubuhi Mama Randa alisimama karibu na njia panda ya kiwandani, bandeji kidoleni, na basi likaja. Kaka yake alikuwa nyuma ya usukani, shingo imenyooka, anatazama mbele tu kama punda aliyezibwa pembeni mwa macho. Mwanamume mmoja wa baiskeli alikuwa akienda kando ya barabara na gunia la mkaa nyuma. Basi lilipinda kuingia kiwandani, halikupunguza wala kupiga honi, likambana. Yule mtu akaruka, baiskeli ikaingia mtaroni, mkaa ukamwagika.

Alinyanyuka mzima, akatukana, akarusha jiwe. Basi lilikuwa limeshapita. Dereva hakuwa na habari. Hilo ndilo lililomtisha Mama Randa, kwamba kaka yake angefika nyumbani jioni na kusema sijawahi kukanyaga hata kuku, na angekuwa anasema kile anachoamini.

Akaingia langoni akamwulizia msimamizi wa magari.

"Una ugomvi na kaka yako?" msimamizi aliuliza baada ya kumsikiliza. Alikuwa mtu mnene, na ni dhahiri alikuwa ameshaona ndugu wengi wakichongeana.

"Ninao, mkubwa sana. Lakini huo ni wetu. Wewe usiniamini mimi, mpeleke akapimwe upana wa kuona, siyo herufi za ukutani. Herufi atasoma zote. Na kama huna daktari, niulize, nina mmoja."

Wiki ile ile Taratibu alishushwa kwenye basi. Hakufukuzwa. Walimpa stoo ya vipuri, mshahara ukapungua, na ile kofia akairudisha. Siku hiyo wifi alipiga simu. Alikuwa ananong'ona.

"Anasema wewe si ndugu yake tena."

"Mwambie nimesikia."

Akakata simu, akachukua randa, akarudi kwenye mlango wa mteja aliokuwa akiulainisha. Gundi alimwangalia akisukuma, maranda yakimwagika miguuni, mpaka akashindwa kuvumilia. "Fundi, huo sasa utakuwa mlango wa bahasha." Mama Randa akasimama. Ubao ulikuwa umeharibika. Aliutupa pembeni, akaketi juu ya rundo la mbao, akalia kwa hasira na kwikwi kama mtoto. Gundi akajifanya anatafuta misumari.

*

Mdogo wao waliyezoea kumwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba, alikuwa msusi mwenye miaka thelathini na tisa, na hakuumwa popote. "Mimi naona sindano kwenye nywele," alilalamika njia nzima. "Mnanipotezea wateja."

"Panda ngazi."

Alipimwa yote: presha, nyuma ya jicho, bakuli la taa. Alibonyeza kitufe kile kama anayecheza ngoma. Daktari alisoma karatasi, na kwa mara ya kwanza Mama Randa aliona meno yake.

"Presha iko juu, na mshipa umeanza kuchoka kidogo sana. Lakini uwanja wa kuona ni mzima. Huyu tumemuwahi. Akitia dawa na kurudi kupimwa kila ninapomwambia, atasuka mpaka aote mvi."

Walipotoka nje, Kitinda alimshika mkono. "Dada, furahi basi."

"Nimefurahi."

"Mbona umekunja ngumi?"

Mama Randa aliitazama ngumi yake. Kweli alikuwa amefurahi, alimpenda yule mtoto kuliko alivyoweza kusema. Lakini neno lile lilikuwa halimtoki kichwani. Tumemuwahi. Lilikuwa lisemwe miaka sita iliyopita, katika chumba kile kile, juu yake yeye. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa na uwezo wa kulifanya lisemwe, naye alilificha nyuma ya chupa ya siki.

"Nitakunjua," akasema. "Twende."

Upasuaji wa Mama Randa mwenyewe ulikwenda vizuri. Presha ya jicho la kushoto ikashuka, weusi ukabaki ulivyokuwa, wala hakuna aliyemwahidi vingine. Alinunua kinga ya chuma akaifunga kwenye msumeno, akauhamisha ukae upande wake wa kulia, na akajifunza kugeuza kichwa kizima kama bundi kabla ya kunyoosha mkono. Siku moja alipita kwa yule muuza miwani, akamwekea yote mitatu kwenye kaunta, akamwambia mbele ya wateja wake nini hakupima. Yule mtu alisema yeye si daktari. "Basi waambie," Mama Randa akajibu. "Kila anayeingia hapa, mwambie wewe si daktari, na umwoneshe kwa daktari ni wapi."

Miezi mitano ikapita bila salamu ya kaka yake. Mwezi wa sita, saa za mchana, Taratibu alikuja karakana kwa miguu. Alikuwa amekonda. Gundi alipomwona aliondoka bila kuambiwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Mama Randa hakuzima msumeno mpaka ubao ukaisha. "Unataka nini?"

"Nimetoka kupimwa," Taratibu alisema. "Daktari anasema bado presha iko juu. Ananiuliza nikitia dawa naitiaje. Nikamwonesha. Akasema nusu yote inamwagikia shavuni, nitafute mtu wa nyumbani anioneshe. Wifi yako anaogopa macho, akiyagusa anatetemeka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimekuja."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua. Na mimi nina hasira na wewe. Nashinda nahesabu boliti."

"Watu arobaini na wanne wanafika kazini wazima."

"Najua!" Alisema kwa ukali, kisha kwa sauti ya chini, "Najua. Ndiyo maana nimekuja mchana, siyo kukutukana."

 Kulikuwa na maneno mengi bado, na Mama Randa hakuyasahau hata moja, wala hakukusudia kuyasahau. Akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono kwa sabuni, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka chembe za mbao zikaisha kwenye kucha.

"Keti. Lete hicho kichupa. Kichwa nyuma. Vuta kope ya chini hivi, ifanye mfuko. Siyo kupepesa! Angalia juu."

"Naangalia."

"Unaniangalia mimi. Juu, kwenye bati." Akabana kichupa, tone likaanguka mahali pake. "Fumba. Sasa weka kidole hapa, kona ya ndani karibu na pua, ubane, dawa isikimbilie kooni. Dakika mbili. Usiachie mpaka nikuambie."

Taratibu akafumba macho na kubana. Mama Randa akapangusa shavu lake kwa pindo la aproni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akahamia upande wa jicho la pili.